Siku Ishirini na Saba Kutoka Moscow

Wiki iliyopita mama alinitumia kifurushi kwa basi, na nilipokata kamba ya kiroba chumba changu chote cha kupanga kikanuka michembe. Mliokulia kwetu mnaijua harufu hiyo. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama vigae. Vinanuka jua, vumbi na gunia, na kwa mbali utamu uliolala. Nilikaa kitandani na kipande kimoja mkononi bila kukitia mdomoni. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui kama wengine hulifanya wakikumbuka nyumbani. Nilikwenda kwenye kibanda cha intaneti, nikaandika majina ya miji miwili, Dar es Salaam na Moscow, nikauliza umbali wa ndege. Jibu lilikuja mara moja: karibu kilomita elfu saba, kama saa tisa angani, bila kuhesabu muda wa kubadilisha ndege njiani. Nililijua jibu hilo. Nimelijua tangu nina miaka kumi. Nilitaka tu kuona kama limebadilika.

Nina tabia ya kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Sijarudi Mpanda tangu nimalize chuo. Nimejiambia nitakwenda nikishapata kazi, na kila mama akiuliza nakuja lini, nampa maelezo marefu kuhusu mabasi na barabara, kana kwamba kinachonizuia ni barabara. Labda ndiyo maana michembe ile ilinigusa pabaya. Maana kipo kipindi katika utoto wangu ambapo michembe haikuwa chakula. Ilikuwa kalenda.

Tulikaa Majengo, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uani mpana. Baba alifanya kazi stesheni, upande wa mizigo, na mama aliuza mchele uliotoka Usevya. Chumba cha mbele kilikuwa cha Bibi, mama yake baba. Bibi na marehemu babu walishuka kutoka Usukumani na ng'ombe wao, wakitafuta malisho, kabla baba hajaoa. Babu alipofariki na mifugo ikabaki kwa ndugu huko porini, baba alimleta mama yake mjini. Bibi hakuupenda mji. Alisema watu wa mjini wananunua maziwa kama wanavyonunua sabuni. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na ugomvi wetu wa uongo juu ya marehemu babu ulichekesha nyumba nzima.

"Mke mwenzangu, umeamka? Mume wetu ameniambia ndotoni kwamba wewe hujui kupika."

"Mwambie aje mwenyewe aniambie."

"Hawezi. Anakuogopa."

Bibi alikuwa na watoto wawili waliobaki hai: baba, na mdogo wake Masanja. Baba mdogo Masanja nilimjua kwa picha tu. Alikuwa amesimama kwenye theluji, amevaa kofia ya manyoya iliyomfanya aonekane kama mtu anayechungulia kutoka kwenye kichaka. Alikwenda Moscow kusomea uhandisi nilipokuwa bado natambaa. Walimsindikiza stesheni kwa ngoma, na hadithi ya ngoma hizo niliisikia mara nyingi hadi nikaamini nilikuwepo. Barua zake zilikuja kwa nadra. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo baba alimsomea, amesimama mlangoni akiwa bado na sare ya kazi, kisha anazikunja na kuzifungia kwenye sanduku lake la chuma.

Mwaka ule nilipotimiza miaka kumi, Bibi alijikwaa kwenye kizingiti, kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidonda kidogo. Lakini alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kikawa hakifungi. Akaanza kushinda ndani, na mtu anayeshinda ndani hana kazi nyingine zaidi ya kuuliza. Aliuliza habari za Masanja asubuhi, mchana na jioni. Ndipo barua ikaja. Baba aliifungua mlangoni kama kawaida, akaanza na salamu, halafu akanyamaza kwa muda uliozidi kidogo.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema anakuja, mama."

Bibi alipiga kigelegele akiwa amekaa. Sijawahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, kichwa kimeinuliwa. "Lini?"

"Anaondoka huko Jumatatu."

"Na safari ni siku ngapi?"

Baba akasema ni mbali. Akarudia tena, mbali sana. Bibi akasema mbali anakujua, amekwenda mbali kwa miguu akiswaga ng'ombe, yeye anataka siku. Hapo ndipo nilipoingia mimi, na mpaka leo natamani ningekuwa nimekwenda kuchota maji.

Nilikuwa mtunza atlasi wa darasa letu. Ilikuwa moja kwa darasa zima, imepoteza jalada, na kwa kuwa nilikuwa na mikono safi mwalimu aliniruhusu kwenda nayo nyumbani Ijumaa. Niliifungua mbele ya Bibi, nikachukua uzi mweusi wa kushonea vifungo, nikaanza kupima. Mpanda haikuandikwa kwenye ramani ya dunia. Niliiweka mwenyewe kwa nukta ya penseli, chini kidogo ya Tabora, karibu na lile ziwa refu. Kutoka nukta yangu mpaka Dar es Salaam uzi ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Kutoka Dar mpaka Moscow uliingia mara saba na zaidi ya nusu, na tulifundishwa kwamba kinachozidi nusu kinakuwa kizima, nikaandika nane. Treni ya Mpanda mpaka Dar, ukihesabu kungoja Tabora, ni siku tatu. Nane mara tatu ni ishirini na nne. Ongeza siku tatu za kutoka Dar kuja kwetu. Ishirini na saba.

Najua mnacheka. Lakini nilikuwa na ushahidi. Ndege nilizozijua mimi zilikuwa zile zinazopita juu sana, zinazoacha mstari mweupe. Nilikuwa nalala chali uani kuzitazama, na zilitambaa. Ndege moja ilitumia muda wote wa mimi kuchambua sinia la mchele kutoka kwenye paa letu mpaka paa la jirani. Treni ilipita mbele ya macho yangu kwa sekunde chache, inatetemesha ardhi. Kwa hiyo niliona hata kuilinganisha ndege na treni nilikuwa nimeipendelea ndege.

"Siku ishirini na saba, Bibi."

Bibi akamgeukia baba. "Kweli?"

Baba alinitazama. Kwa miaka mingi niliamini ule ulikuwa mtazamo wa kujivunia mtoto. Sasa nadhani ni mtazamo wa mtu aliyekuwa anazama akaona mtoto wake amemrushia kamba.

"Minza amepiga sawasawa," akasema. "Ishirini na saba."

"Wabeja, mke mwenzangu," Bibi akaniambia, asante ya kwao, na akanituma stoo. Nilimletea vipande ishirini na saba vya michembe, akavipanga kwenye ungo pembeni ya kitanda. Kila asubuhi, baada ya kusalimiwa, alichukua kimoja na kukitafuna taratibu kwa meno yaliyobaki. "Sasa yuko wapi?" ananiuliza. Mimi nafungua daftari nililonakilia ramani. Leo yuko juu ya bahari. Leo yuko juu ya jangwa, Bibi, kuna mchanga tu. Aliuliza kama huko juu wanapewa maji. Nikasema wanapewa.

Siku ya tisa mguu ukawa mweusi vidoleni. Daktari aliyemwona pale mjini alimwambia baba amchukue kwa treni ya kwanza ampeleke hospitali kubwa Tabora, mguu huo hauna muda wa kungoja. Baba alirudi akaanza kufunga mizigo. Bibi alimwangalia kama anavyoangalia mchekeshaji.

"Unafunga nini?"

"Tunakwenda Tabora, mama. Mguu."

"Treni inayonipeleka mimi Tabora si itapishana na treni inayomleta Masanja? Nimpungie mkono dirishani?"

"Mama, mguu utaoza."

"Mguu ni wangu na mtoto ni wangu. Nyie tulieni. Zimebaki kumi na nane."

Treni ya kwanza ikaondoka bila yeye.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nyuma ya jiko natafuta kandambili yangu kabla ya kwenda shule, na mama na baba walikuwa ndani ya jiko. Mama alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ile ambayo kwake ilikuwa ya hasira kuliko kelele.

"Baba Minza, mwambie mama yako ukweli. Masanja haji."

"Nitamwambia."

"Lini? Ukishamzika? Ndege ya siku ishirini na saba! Wewe mfanyakazi wa reli, unamkubalia mtoto ndege inatembea kama behewa la mizigo!"

"Alikuwa anaumwa, aliuliza, ningesema nini? Nilitaka afurahi kidogo. Nilijua mimi mguu utaoza?"

Sikusikia yaliyoendelea. Nilikwenda shule na kandambili moja. Ninachokumbuka ni kwamba jambo la Masanja kutokuja halikuniuma kwanza. Kilichoniuma ni namba. Ile namba niliyoipigia mstari mara mbili chini. Bibi alikuwa amekaa juu yake kama kuku juu ya jiwe, na mguu wake unaoza.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu wa Jiografia. Nilimwuliza ndege inatumia siku ngapi kutoka Moscow mpaka Dar es Salaam.

"Siku?" Alicheka mpaka akaweka chaki chini. "We Minza, hiyo ndege inavutwa na punda?" Akaniandikia ubaoni: kilomita elfu saba, mwendo wa mia nane kwa saa. Nikagawanya mwenyewe. Saa nane na robo tatu.

"Sema tisa," akasema.

"Lakini naziona zinatambaa, mwalimu."

"Kwa sababu uko mbali nayo. Kitu kikiwa mbali, hata kikikimbia unakiona kimesimama."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mpango. Nilikuwa nimeupanga kwa uangalifu kama ninavyopanga mambo yangu hadi sasa, nikikagua kila upande. Sitamsaliti baba. Sitasema kwamba Masanja haji. Nitasahihisha hesabu tu. Bibi akijua kwamba safari ni fupi, ataona anaweza kwenda Tabora bila wasiwasi, maana mwanawe akifika atamfuata huko. Sikuona tundu lolote katika mpango huo.

Bibi alikuwa ameegemea ukuta. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sote tulijifanya hatuisikii.

"Bibi, nilikosea. Nimemuuliza mwalimu. Siyo siku ishirini na saba."

"Ni ngapi? Usiniongezee, nimechoka."

"Ni saa tisa."

Hakuelewa. Nikamwelezea kwa namna ambayo angeielewa: ukikamua ng'ombe asubuhi, yeye akapanda ndege huko, ng'ombe hawajarudi kutoka machungani jioni yeye ameshashuka Dar es Salaam. Halafu treni, siku tatu. "Kwa hiyo nenda tu Tabora, Bibi. Akija atakukuta. Siyo mbali."

Alirudia polepole. "Ng'ombe hawajarudi."

"Ndiyo, Bibi."

Uso wake ulifunguka kwanza, na nikadhani nimefanikiwa. "Kumbe yuko karibu," akasema. "Mimi nilikuwa nalia kwamba mwanangu yuko mwisho wa dunia, kumbe yuko karibu kuliko Shinyanga." Akatabasamu ukutani. Kisha tabasamu likasimama palepale. Alinitazama kuanzia miguuni, mguu wenye kandambili na usio nayo, akapanda taratibu mpaka usoni, kama anayepima urefu wangu.

"Alipoondoka wewe ulikuwa unatambaa," akasema.

Nililiona tundu la mpango wangu, na lilikuwa kubwa kiasi cha kupitisha ng'ombe. Mtu aliye mwendo wa siku ishirini na saba ana sababu ya kutokuja. Mtu aliye mwendo wa kati ya kukamua na kukamua hana.

"Baba yako akija kula mchana, mwambie aingie huku."

Baba aliingia akiwa na kofia mkononi. Mimi hakuna aliyeniambia nitoke.

"Masanja amekufa?"

"Hapana, mama."

"Amefungwa?"

"Hapana. Yu mzima."

"Sasa kaa chini uniambie ana nini."

Baba alikaa sakafuni, mtu mzima mwenye sare, miguu ameikunja kama mtoto. Alisema kwamba nchi iliyokuwa inamsomesha Masanja ilivunjika, na wanafunzi kama yeye wakakatiwa posho. Hakumaliza masomo. Sasa anauza nguo sokoni, nje, kwenye baridi. Anaona haya. Watu walimpigia ngoma, atarudi vipi bila cheti, bila chochote?

"Na barua ilisema nini?"

"Ilisema nisikuambie."

Bibi akausogeza ungo kwa mkono, ule wenye vipande kumi na sita vilivyobaki, akaniambia nivirudishe stoo. "Treni ya Tabora ni lini?"

"Kesho, mama."

"Nifungieni mzigo."

Kule Tabora walimkata mguu chini ya goti. Nilingoja mtu aniambie kwamba ni siku zangu kumi na moja zilizouchukua. Hakuna aliyeniambia, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nilibaki nikijiambia mwenyewe. Siku tuliyokwenda stesheni kumpokea, treni ikiwa bado haijaonekana, baba alinishika bega akiwa anatazama relini. "Hesabu ilikuwa yako," akasema. "Aliyeikubali ni mimi." Hajawahi kurudia maneno hayo. Nimeligeuza sana neno hilo. Kuna siku linanitosha na kuna siku halinitoshi.

Bibi alishushwa na wanaume wawili, magongo yakafuata nyuma. Majirani walikuwa wamejaa uani kwetu. Walileta unga, maziwa, kuku wawili. Walimsalimu, wakamuuliza habari za Tabora, wakabishana kuhusu mvua. Nilikaa namtazama kila anayeingia, nikingoja nani ataangalia pale kanga ilipolala tambarare. Aliyeutaja mguu alikuwa Bibi mwenyewe.

"Mke mwenzangu, nasikia ulipoteza kandambili. Kuanzia leo tukinunuliwa jozi, ya kulia ni yako."

Uani mzima ukaangua kicheko, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mwalimu.

Baba mdogo Masanja alirudi mwaka uliofuata. Alishuka na begi moja la begani na koti zito ambalo Mpanda halikuwa na kazi, na hadi leo anatengeneza mashine za kusaga, na anazitengeneza vizuri. Watu wanasema kilichomrudisha ni maisha magumu ya kule. Wengine wanasema baba alikwenda kumsemea kwa wakubwa. Mimi huwa nanyamaza. Nilikuwepo barua ilipoandikwa, na mwandiko ulikuwa wangu.

Ilikuwa siku ya pili tangu Bibi atoke Tabora. Aliniita nije na daftari na kalamu, akaniambia niandike kama anavyosema, nisimpambie.

"Andika: Masanja, mimi mama yako. Nilikwenda Tabora, wamenikata mguu. Nimerudi nyumbani na mguu mmoja, na hakuna mtu aliyeniuliza mwingine nimeuacha wapi. Na wewe njoo."

Niliandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akasema basi, funga. Nilimwuliza kama niongeze chini kwamba ni saa tisa tu.

"Usiandike," akasema. "Hiyo anaijua."